Ukimlinda mzee hopitali, mshike mkono uhesabu mapigo

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku hapa Bukavu. Nawaandikia nyinyi mnaolala kwenye mkeka kando ya kitanda cha mzee aliyelazwa kwa mafua makali, korona au virusi vingine vya mapafu. Bukari na chupa ya chai hamsahau. Leteni pia saa yenye mshale wa sekunde, maana simu itazima umeme ukikatika.

Mwombe kwanza: "Papa, niruhusu nikushike mkono." Awe ametulia, si ametoka chooni sasa hivi. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba chake. Usitumie gumba lako, lina mapigo yake na litakuchanganya. Hesabu dakika 1 nzima. Wale wanaohesabu sekunde 15 na kuzidisha mara 4 wanadanganyika pale moyo unapokwenda ovyo.

Na huo uovyo ndio ninaoutaka mimi kuliko namba. Gonga mguu chini kwa kila pigo unalolisikia. Moyo mzima unakwenda kama mchi wa mama anayetwanga sombe. Mguu ukishindwa kufuata, mara mawili ya haraka, mara kimya, mara pigo dhaifu, njoo uniamshe hata kama nimesinzia (tunasinzia, ndiyo). Huenda vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kukamua damu. Damu ikituama humo huganda, na donge likipanda kichwani mzee anapooza.

Usikiamini peke yake kile kifaa cha kubana kidoleni. Mapigo dhaifu hayafiki kidoleni, basi kinaandika 90 wakati moyo wenyewe unapiga 130.

Mtu mzima aliyetulia hupiga 60 hadi 100. Homa huongeza kama mapigo 10 kwa kila digrii 1, kwa hiyo 105 kwenye homa ya 39 hainishtui sana. Inayonishtua ni homa iliyoshuka huku mapigo yakibaki 130, au chini ya 50 na mzee analegea. Akizimia, akibanwa kifua, akihema kwa shida, mdomo ukipinda au akianza kuchanganya maneno, acha kuhesabu, ita watu.

Kwa nini virusi vya mapafu viguse moyo? Oksijeni inapungua, homa inauchosha, na kuhara na kutapika kunamaliza potasiamu inayouongoza. Moyo wa mzee mwenye presha ya siku nyingi hauna akiba.

Halafu dawa. Mniletee kila pakiti aliyokuwa anameza nyumbani, pamoja na ile ya famasi ya mtaani Kadutu na majani ya kienyeji. Sitagomba. Azitromisini, klorokwini na kwinini zinaweza kuvuruga umeme wa moyo, hasa zikichanganywa, na daktari hawezi kuzikwepa asipojua.

Andika saa, namba na "sawa" au "ovyo" kwenye karatasi. Daktari akipita asubuhi mwonyeshe, umwulize kama elektro (kipimo cha umeme wa moyo) inahitajika. Moyo ukirudi sawa kabla ya kutoka, uliza tena: elektro nyingine lini, na dawa ya kuzuia damu kuganda anywe mpaka lini? Virusi vikiisha, mvurugiko huo unaweza kurudi bila homa.