Hadithi rasmi ya gemu uifuate kiasi gani ukiwa unaigiza? Hatua tunazofuata sisi wa Tanga

Mambo zenu wadau. Nipo Ngamiani hapa, kikundi chetu cha kuigiza wahusika kwenye magemu ya mtandaoni kina watu saba, wengi wa Tanga mjini na mmoja yuko Muheza, na kila akija mtu mpya swali ni lile lile, eti hadithi rasmi ya gemu niifuate yote au najitungia tu? Mimi nasema kaza pale inapogusa hadithi za wenzio, legeza pale inapokuhusu wewe mwenyewe. Twende taratibu.

Hatua ya 1: jua upo mwaka gani na upo wapi

Watu wengi wanakosea hapa kabla hata hawajafungua mdomo. Mfano Elder Scrolls Online, ilotoka 2014, mambo yake yanatokea mwaka wa 582 wa Enzi ya Pili, kama miaka elfu moja kabla ya Skyrim, gemu nyingine ya mfululizo huo huo wa Elder Scrolls. Sasa mtu katoka kucheza Skyrim anaingia kilabuni pale mji wa Daggerfall anaanza kuapa kwa jina la Talos. Talos huyo ndo Tiber Septim, mfalme aliyekuja kuhesabiwa mungu wa tisa, na mwaka huo hata hajazaliwa, miungu wanaoabudiwa ni wanane sio tisa. Mwenzio anayeigiza kuhani hapo anakujibu nini? Ananyamaza tu, na igizo limeshapoa.

Huhitaji kusoma kila kitu. Soma kuhusu kabila la mhusika wako, mji aliokulia, na vita inayoendelea, saa moja inatosha, mengine utajifunza humo humo.

Hatua ya 2: gawa mambo kwenye makapu matatu

Kapu la kwanza ni yale ambayo kila mtu kayasimamia: nani anatawala, nani anapigana na nani, uchawi unaweza nini na hauwezi nini. Haya usiyaguse. Kumbukeni tulivyokuwa watoto tunacheza polisi na majambazi, kuna yule ukimpiga risasi anasema hujanipata mi nina kinga, ukimpiga tena ana kinga nyingine, mwisho wenzake wote wanaenda zao nyumbani. Kwenye gemu ni hivyo hivyo.

Kapu la pili ni yale yanayosemwa, na hapa ndo kuna utamu wote. Nenda mapango ya Amboni, watembeza wageni watakuonyesha njia ya gizani wakwambie hii inatokea Mombasa, nyingine inafika hadi Kilimanjaro. Pango ni la mawe ya chokaa na mwamba haujabadilika kwa sababu ya hayo maneno, ila watu wanayasimulia kwa uzito na wapo wanaoingia mle kupeleka sadaka. Mhusika wako naye awe hivyo, aamini vitu, abishane, akosee. Mwache akosee, ila wewe unayemwigiza usilazimishe kosa lake liwe kweli kwa wote. Tena Elder Scrolls wenyewe wameijenga dunia yao namna hii, vitabu vilivyomo ndani ya gemu vinapingana makusudi, na gemu yao ya 1996 iliyoitwa Daggerfall, kama ule mji, ilikuwa na miisho kadhaa tofauti, gemu zilizofuata zikaeleza kuwa yote ilitokea kwa pamoja, muda wenyewe ulivunjika. Kwahiyo anayekwambia hadithi rasmi ni jela hajaisoma vizuri.

Kapu la tatu ni yako: jina la mama, kovu la mkononi, deni lililokutoa kijijini. Hapo jaza unavyotaka, usimuombe mtu ruhusa.

Hatua ya 3: jipime kwa swali moja

Jiulize: ili hili langu liwe kweli, nani mwingine itabidi abadilishe lake? Ukisema mhusika wako ni muuza samaki anayemchukia askari wa getini, hakuna. Ukisema ni mtoto wa siri wa mfalme, basi kila anayeigiza askari, mtumishi au mpinzani wa huyo mfalme umemgusa. Anza chini, ukubwa waachie wenzio wakupe wao.

Hatua ya 4: kampuni nayo inabadilisha, usipaniki

Kwenye World of Warcraft, kijitabu cha Warcraft III, gemu iliyoitangulia, kilisema uovu wa eredar, kabila la mashetani, ndo ulimvunja moyo Sargeras, adui mkuu wa hadithi ile, alafu nyongeza ya gemu, The Burning Crusade ya 2007, ikageuza, Sargeras ndo aliyewapotosha eredar. Chris Metzen, aliyeisimamia ile hadithi, alikiri hadharani kuwa alisahau alichoandika. Likikukuta hilo, mhusika wako alifundishwa vibaya, basi. Lile la zamani unalihamishia kapu la pili.

Hatua ya 5: kumrekebisha mtu

Mfuate pembeni kwa ujumbe binafsi, usimwaibishe kwenye chati ya wote, na ukimwambia hapana mpe na njia ya kutokea.

Kuna dada kwetu aliigiza mganga wa kijiji, miezi miwili anamlilia kaka yake aliyekufa, igizo zuri mno, sote tulikuwa ndani yake. Akaja kijana mgeni, mhusika wake eti mtoto wa Molag Bal, yule mkuu wa mashetani wa Elder Scrolls, akamfufua yule kaka mbele ya watu. Dada akatoka kwenye gemu bila kuaga. Nilimfuata kijana, nikamuonyesha kuwa kwenye dunia ile kuinua maiti kupo, ila kinachoinuka ni mwili wa kutumwa, yule mtu harudi, na habari ya baba yake ibaki kuwa anavyojitangaza mwenyewe. Akaelewa, tena akafurahi. Dada nikampigia simu.

Kesho yake usiku kaka alibisha hodi kwa mganga. Hakufungua. Aliongea naye kupitia mlangoni mpaka saa saba, sisi wengine tumekaa kimya tunasoma tu.