Mambo ya kuzingatia kabla ya kutandika kabro kando ya kidimbwi cha kuogelea

Kidimbwi kikishajengwa, mwenye nyumba huwa na haraka moja tu: kabro (vitofali vya simiti vya kutandika sakafu ya nje) ziwekwe, viti vitolewe nje, watoto waingie majini. Haraka hiyo ndiyo hula pesa. Udongo uliorudishwa kuzunguka kuta za kidimbwi umevurugwa, na ukivurugwa ni lazima ushuke. Ukitandika mawe juu yake kabla haujatulia, masika ya kwanza tu utayakuta yameinamia ukuta, na maji ya mvua yanaingia kidimbwini pamoja na tope lake.

Kwa hivyo anza na udongo, tena kabla hujaenda kutazama rangi za mawe. Nairobi na viunga vyake havina udongo mmoja. Runda, Kitisuru na Muthaiga utakuta mwingi ni mwekundu, nao hushindilika vizuri. Embakasi, Syokimau, Kitengela na hata sehemu za Lang'ata kuna ule mweusi, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza vidole na mvua ikija huvimba na kung'ang'ania viatu. Kama huna hakika, chukua konzi moja, ulowanishe, kisha uviringishe katikati ya viganja. Ukitoka uzi mrefu mwembamba usiokatika, una mfinyanzi mwingi, na huo usiruhusu urudishwe kando ya kidimbwi hata kama fundi atasema ni wa bure na uko papo hapo. Uondolewe, ijazwe maramu, ule udongo wa changarawe unaotumika barabarani. Mahali udongo huo mweusi umeshuka kwenda chini sana, mwite mhandisi aseme uchimbwe kiasi gani. Hilo si jambo la kukisia.

Maramu yenyewe haimwagwi yote kwa mara moja. Hushindiliwa tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi sentimita 15, maana mashine ikipita juu ya rundo nene huonekana imefanya kazi ilhali chini bado ni laini. Unyevu pia una kipimo chake: ukiibana mkononi ishikamane kama donge la ugali, lakini isikuachie maji kiganjani. Ile nusu mita iliyo karibu na ukuta wa kidimbwi ishindiliwe kwa mkono, si kwa mashine nzito. Hapo ndipo vibarua huchoka na kuacha, na hapo ndipo kabro hushuka kwanza. Kaa nao.

Kabla maramu haijafunika chochote, fundi wa maji ajaze mabomba yote ya kidimbwi maji ya shinikizo, na mshale wa geji ya shinikizo ubaki palepale kwa saa kadhaa. Bomba linalovuja chini ya kabro huosha mchanga pole pole, na utakuja kuligundua kwa shimo. Piga picha za mabomba yakiwa wazi, futi ikiwa imelazwa kando yake, ili fundi wa miaka ijayo ajue achimbe wapi. Ngazi za chuma, vishikio na taa ziunganishwe waya wa ardhi na fundi wa stima aliyesajiliwa. Stima na maji havina mzaha. Pitisha bomba moja au mawili matupu chini ya njia, kwa sababu siku moja utataka taa za bustani. Kama utaweka ua wa kuzuia watoto, na kwa maoni yangu hilo halina mjadala, mashimo ya nguzo yachimbwe na kumiminwa konkriti sasa.

Halafu kuna mteremko. Sakafu iinamie mbali na kidimbwi, kama sentimita 2 kwa kila mita, ili maji ya mvua na ya miguu yasirudi yalikotoka. Tatizo la ploti zetu ni kwamba upande mmoja wa kidimbwi mara nyingi kuna nyumba, na maji ukiyafukuza huku yanakwenda kutuama penye msingi kule. Hapo weka mfereji mwembamba wenye kifuniko cha matundu katikati ya njia, na ujue mapema unamwaga wapi. Kamba na pima maji vitumike kwenye maramu, si kwenye mchanga. Mchanga wa kulazia kabro ni sentimita 3 hivi, na haukusudiwi kuziba mabonde.

Mawe ya ukingo yamekaa juu ya konkriti ya kidimbwi, kabro zimekaa juu ya ardhi. Vitu hivi viwili havisogei pamoja. Acha nafasi ya sentimita 1 kati yao, ijazwe sponji na silikoni inayonyumbulika. Fundi atatamani kuiziba kwa simiti ionekane safi. Mkataze, maana kabro zikisukuma, ukingo utang'oka pamoja na vigae vilivyo chini yake. Upande wa nje nao unahitaji kabu, yaani mawe ya kuzuia pembeni, iliyoshikwa kwa konkriti, la sivyo mstari wa mwisho utatawanyika.

Kuhusu jiwe lenyewe, kabro ya unene wa sentimita 6 inatosha kwa miguu ya watu. Ile ya 8 ni ya magari mazito. Mazeras, jiwe bapa kutoka Pwani, inapendeza na haitelezi ikiwa na uso wa asili, ila hulazwa juu ya konkriti, si mchanga. Vigae vinavyong'aa waachie wenye hoteli wanaotaka kesi. Omba vipande viwili vya mfano, viache juani tangu asubuhi, na saa nane mchana uvikanyage bila viatu. Kisha vimwagie maji ya sabuni, ukanyage tena. Rangi nyeusi nyingi hufeli jaribio la kwanza.

Hesabu ifanye mwenyewe. Kidimbwi cha mita 8 kwa 4, chenye njia ya mita 1.2 pande zote, kina karibu mita 35 za mraba za kutandika. Ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, ufike 38. Kabro za sentimita 20 kwa 10 ni 50 kwa kila mita ya mraba, yaani 1,900, na uzito wake unapita tani 5. Uliza lori litapita wapi bila kukaribia kidimbwi. Zote zitoke mkupuo mmoja wa kiwanda, maana rangi hubadilika.

Panga kazi Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Ikiwa kidimbwi kina maji, kifunikwe turubai na mawe yakatwe mbali, kwa kuwa vumbi la simiti huharibu maji. Usikimwage kwa ajili ya kukisafisha wakati ardhi imelowa, kwani maji ya chini yanaweza kukiinua au kukipasua. Kabro mpya zikitoa unga mweupe, hiyo ni chokaa ya simiti, itaisha yenyewe; usipake sila (dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe) mpaka iishe.

Na katika mapatano na fundi, iandikwe nani analipia kukodi mashine ya kushindilia, na kwamba sehemu ya malipo itabaki hadi mvua moja kubwa inyeshe, mtembee naye pamoja kuangalia maji yametuama wapi.