Kuchora Ndege na Maua ya Pemba kwa Rangi za Maji, na Kuuza Picha Maoneshoni

Anayetaka kuchora ndege na maua ya visiwa vyetu kwa rangi za maji na aanze kwa kutafuta karatasi nzuri, kwa sababu rangi za bei ya wastani hupendeza juu ya karatasi bora, lakini rangi ghali haziwezi kuiokoa karatasi mbovu. Inayofaa ni karatasi ya pamba yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba; iliyo nyepesi zaidi hujikunja inaporowa, maji yakatuama mabondeni mwake na kuacha madoa. Karatasi nzima yenye sentimita 56 kwa 76 hutoa vipande vinane vya sentimita 19 kwa 28, kipimo kinachomtosha ndege mmoja na tawi lake na kinachoingia katika sanduku la msafiri bila ya kukunjwa. Brashi mbili za mviringo, moja nene na moja yenye ncha nyembamba, zinatosha.

Hewa yetu ina unyevu mwingi, na jambo hilo linatawala kazi nzima. Tabaka la rangi linalokauka upesi wakati wa kaskazi hubaki bichi kwa muda mrefu wakati wa masika, na ukipaka tabaka la pili kabla ya wakati wake rangi huvujiana zikawa tope. Gusa karatasi kwa mgongo wa kiganja: ukihisi ubaridi, bado haijakauka. Hata hivyo, siku za mvua zina faida yake, kwani ubichi huo unaodumu ndio unaokuwezesha kulainisha majani ya nyuma ya ndege mpaka yakaonekana kama yamo ndani ya ukungu. Karatasi ambazo hazijatumika zihifadhiwe ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kwa sababu karatasi iliyovuta unyevu hunyonya rangi kwa mabaka na hatimaye huota koga.

Kuhusu ndege, Pemba ina utajiri ambao wachoraji wengi hawajaugusa. Wako ndege wa aina nne wasiopatikana kwengine duniani: chozi wa Pemba, ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na kijindege cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho. Nenda asubuhi mapema penye miti inayochanua, au ndani ya msitu wa Ngezi, ukiwa na darubini, penseli na daftari, ujaze kurasa za michoro ya haraka ya mkao, urefu wa mdomo na namna miguu inavyoshika tawi, bila ya kugusa rangi kwanza. Chozi hafyonzi utamu wa maua huku akielea angani muda wote. Mara nyingi hutua, na hapo ndipo unapopata nafasi ya kumsoma.

Mng'aro wa chozi dume ndio mtihani mkubwa. Rangi ile ya kijani inayometameta hutokana na umbile la manyoya yake linavyorudisha mwanga, kwa hivyo hakuna rangi ya dukani itakayoutoa peke yake. Paka kwanza kijani chepesi cha kuelekea buluu, ukiacha vipande vidogo vya karatasi nyeupe pale mwanga unapopiga. Kikishakauka, zungusha pembeni mwake rangi nzito ya giza iliyochanganywa kwa buluu na kahawia. Nyeusi ya chupani naikataa kabisa, kwani humfanya ndege aonekane amekatwa kwa mkasi. Mng'aro utatokea pale weupe na giza vinapokutana.

Kwa maua, chora karafuu hatua kwa hatua: vichipukizi vya kijani kilichopauka, kisha wekundu unaopanda polepole, na machache yaliyofunguka yakatoa nyuzi zake. Mkulima wa karafuu atajua mara moja kama uliutazama mti wenyewe au ulikisia. Asumini ni jeupe juu ya karatasi nyeupe, basi usilichore ua. Paka majani yaliyo nyuma yake, nalo litajitokeza, kisha uliongezee kivuli chepesi sana cha kijivu.

Soma maelezo ya kila kichupa kabla ya kununua, kwani baadhi ya rangi nyekundu na za zambarau hupauka zikikaa juani. Ukiwa na shaka, paka mstari, ufunike nusu yake, uuweke dirishani kwa miezi michache, kisha ulinganishe.

Unapofika wakati wa kuuza, fahamu wanunuzi wako. Wageni wanaokuja Mji Mkongwe mwezi wa Februari kwa ajili ya tamasha la muziki la Sauti za Busara wanakuta picha za mtindo wa Tingatinga kila duka; ndege aliyechorwa kwa uangalifu, jina lake la Kiswahili na mahali alipoonekana vikiwa vimeandikwa kwa penseli chini yake, huwasimamisha. Wenyeji wengi, kwa upande mwengine, hawapendi kutundika ukutani picha ya kiumbe mwenye roho, khasa mahali wanaposalia, na hao waandalie asumini, waridi, kilua na karafuu bila ya ndege, pamoja na kadi ndogo za harusi na za Idi.

Katika bei, jumlisha karatasi, fremu, nauli ya boti, ada ya meza na saa zako za kazi, na usishushe bei siku ya mwisho mbele ya mtu aliyenunua kwa bei kamili siku ya kwanza. Nakala iliyochapishwa iandikwe wazi kuwa ni nakala. Ndani ya fremu, weka ukingo wa karatasi ngumu isiyo na asidi ili kioo kisiiguse picha, kwani kikiigusa unyevu hunaswa na koga huanza. Meza iwe kivulini, picha zishikwe kwa vibanio dhidi ya upepo, na kila iliyouzwa ifungwe baina ya maboksi mawili bapa kabla ya kumkabidhi mnunuzi.