Kupitisha Bomba la Moshi la Hita ya Gesi Paani: Mwongozo kwa Walio Nchi za Baridi

Wengi wetu tunaoishi Minnesota, Marekani, na majimbo jirani hufika wakati tukaitazama gereji kwa jicho jingine: inaweza kuwa karakana, chumba cha cherehani, au mahali pa kupikia pilau ya harusi wakati nje theluji imefika magotini. Kinachokosekana ni joto, na kwa kuwa gesi asilia tayari imo nyumbani, hita ya gesi ya kuning'inia darini huonekana kuwa jibu jepesi. Kuinunua hita hiyo kweli ni jambo jepesi. Kazi iko kwenye bomba la kutoa moshi wake, na bomba hilo ndilo ninalotaka tulizungumzie, kwa sababu nimeona watu wenye akili timamu wakilichukulia kama bomba la maji ya mvua.

Mtu aliyekulia Limuru au Njombe hahitaji kuelezwa sana kuhusu jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi. Gesi inayoua katika habari zile, kaboni monoksidi, ndiyo hiyo hiyo inayoweza kutoka katika hita isiyopata hewa ya kutosha au ambayo moshi wake unarudi ndani. Haina rangi wala harufu. Ile harufu kali tunayoisikia gesi inapovuja huongezwa makusudi na kampuni za gesi, na haipo tena katika moshi baada ya gesi kuungua, kwa hiyo pua haitakusaidia. Tofauti na mkaa, gesi asilia hutoa pia mvuke mwingi wa maji, na mvuke huo ukipoa ndani ya bomba hugeuka maji yenye asidi yanayokula chuma.

Kabla ya kununua kipande chochote cha bomba, soma kibandiko kilicho ubavuni mwa hita na kitabu chake cha maelekezo. Hita za kawaida, ambazo moshi wake hutoka ukiwa moto na kupanda wenyewe, huwekwa katika Daraja la I, na zinapotolea moshi juu paani hutumia bomba la kuta mbili linalojulikana madukani kama aina B: ndani aluminiamu, nje bati la zinki, na katikati nafasi ya hewa. Hita zenye ufanisi wa asilimia 90 na zaidi hunyonya joto mpaka moshi unakaribia kupoa, nazo hutumia bomba la plastiki lililoidhinishwa na mtengenezaji, lenye mteremko wa kurudisha maji kwenye hita ili yatolewe kwa mpira. Usichanganye aina hizo mbili hata kama kipande cha plastiki kimebaki stoo na kinalingana kipenyo. Plastiki italegea kwa joto la hita ya kawaida, na bomba la aina B litaoza kwa maji ya hita ya kisasa. Jambo jingine linalowapotosha mafundi wa mitaani ni kwamba kuna hita zinazohesabiwa kuwa Daraja la I bomba likienda juu, lakini bomba hilo hilo likitolewa ukutani huhitaji chuma cha pua chenye maungio yaliyozibwa, kwa kuwa feni ya hita husukuma moshi kwa shinikizo.

Sasa njia ya bomba. Ushauri wangu ni kuanza juu paani, ndipo ushuke hadi kwenye hita, ingawa karibu kila mtu hufanya kinyume chake. Nyumba niliyonunua ilikuwa na hita gerejini tayari, na aliyeifunga alichagua kona iliyo karibu na bomba la gesi, akatoboa paa juu yake moja kwa moja. Tatizo ni kwamba ukuta wa ghorofa ya pili ya nyumba ulikuwa futi nne tu kutoka kwenye kofia ya bomba. Upepo ulipogonga ukuta ule ulirudi chini na kuusukuma moshi ndani, na madirisha ya gereji yalitiririka maji kila usiku wa upepo. Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi za Marekani ni kwamba bomba lenye kofia iliyoidhinishwa na kipenyo kisichozidi inchi 12 liwe angalau futi 8 kutoka ukuta wowote uliosimama. Likiwa karibu zaidi, lazima lipande mpaka lizidi kwa futi 2 sehemu yoyote ya jengo iliyo ndani ya futi 10. Kwangu ilikuwa nafuu kuihamishia hita upande wa pili wa gereji.

Ukishapata nafasi hiyo ya futi 8, urefu juu ya paa hutegemea mwinuko wake. Paa tambarare hadi lile linalopanda inchi 6 kwa kila inchi 12 za ulalo huhitaji futi 1. Linalopanda inchi 9 huhitaji futi 2, na linalopanda inchi 12 kamili huhitaji futi 4.

Shusha timazi kutoka upande wa chini wa paa hadi darini ili matundu mawili yalingane, kwa sababu bomba lililonyooka huvuta vizuri kuliko lenye kona. Chagua nafasi kati ya kenchi mbili, na usikate kenchi hata kidogo. Kenchi za kiwandani hubeba paa zima kwa pamoja. Bomba la aina B huhitaji kwa kawaida inchi 1 ya nafasi tupu kutoka mbao na kitu chochote kinachoweza kuungua. Linapopita kwenye dari huwekewa bati la kuzuia moto usipande, na juu ya dari huzungushiwa ngao ya bati ili sufi ya kuhifadhia joto isiliguse. Bomba la ukuta mmoja halipiti darini kamwe. Paani, bati la kuzuia uvujaji huingizwa chini ya vigae kwa upande wa juu na kukalia vigae kwa upande wa chini, kisha kola hufungwa juu yake na kuzibwa kwa silikoni isiyoharibiwa na jua. Bomba hujifunga kwa kuzungushwa. Skrubu zisifike ukuta wa ndani.

Kipande kinachounganisha hita na bomba lililosimama kiinuke kuelekea juu, angalau robo inchi kwa kila futi, nacho kiwe kifupi. Kipenyo fuata majedwali ya mtengenezaji. Watu hudhani bomba pana ni salama zaidi, kumbe moshi ukipata nafasi kubwa mno hupoa njiani, hupoteza nguvu ya kupanda na kuacha maji. Ndiyo sababu ukibadilisha tanuri la zamani la kupasha nyumba joto kwa lile lenye bomba la plastiki, dohani kubwa inayobakiwa na mtungi wa maji moto peke yake lazima ipimwe upya.

Kuhusu sheria, piga simu ofisi ya majengo ya mji wako kabla ya kutoboa chochote, uulize kuhusu kibali na nani anaruhusiwa kufanya kazi. Ontario, Kanada, kazi ya gesi ni ya fundi mwenye cheti cha TSSA, mamlaka ya usalama wa kiufundi ya jimbo hilo. Uingereza, ni ya aliyesajiliwa na Gas Safe Register, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Hata pale mwenye nyumba anaporuhusiwa, mimi ningemwachia fundi mwenye leseni kuunganisha gesi na kupima moshi, nami nibaki msaidizi anayeuliza maswali. Kazi ya paani ifanyike mwezi wa Septemba, si siku ya theluji.

Siku ya majaribio, funga milango na madirisha yote, washa mashine ya kukaushia nguo na feni za jikoni na bafuni, kisha washa hita. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Kwa chombo chenye mdomo wazi wa kuvutia hewa, kama mitungi mingi ya maji moto, subiri dakika tano, kisha sogeza kijiti cha udi karibu na mdomo huo: moshi wake uvutwe ndani. Ukisukumwa nje, zima na usiwashe tena hadi fundi aje.

Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kaboni monoksidi ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Kumbuka kwamba kwa kiwango cha sehemu 70 za gesi hiyo kwa milioni za hewa, king'ora kinaweza kuchukua saa moja hadi nne kabla ya kulia. Kwa hiyo familia nzima ikipata maumivu ya kichwa na kichefuchefu bila homa, na nafuu ikija mkitoka nje, msingoje king'ora: tokeni wote, kisha pigeni 911 mkiwa nje.