Kuprinti leterhedi na bizinesi kadi kwa biashara ndogo hapa Tanga

Jamani wenzangu wa Tanga, WhatsApp tunayo kutwa, ila ukiomba kusambaza vitu shuleni au ofisini utaambiwa lete profoma (ankara ya awali yenye bei zako), na profoma iliyokaa kwenye leterhedi, yaani karatasi ya biashara yenye jina, simu, TIN (namba ya mlipakodi) na mhuri, inapokelewa tofauti kabisa na meseji.

Leterhedi ni A4 ya kawaida tu, usiijaze marangi. Tunza faili la PDF, printi kidogo kidogo.

Kadi ndo pa kutulia. Saizi milimita 85 kwa 55, karatasi ya gramu 300, nyepesi zaidi inajikunja mfukoni hasa na huu unyevu wetu wa pwani. Mwambie fundi aongeze milimita 3 za kukatia kila upande, na nyuma weka QR inayofungua WhatsApp yako moja kwa moja, iwe nyeusi juu ya nyeupe, isipungue sentimita 2, alafu iskani mwenyewe kwenye kadi ya majaribio kabla hujaruhusu zote zitoke, maana namba moja ikikosewa ni hasara tupu.

Stesheneri za Ngamiani zipo, ulizia bei mbili tatu kwanza.