Idadi ya Taa za Banda la Kuku wa Mayai Haihesabiwi kwa Wati

Wafugaji wengi bado hupanga taa za banda kwa kuhesabu wati, na kosa hilo linawapotezea mayai. Wati hupima umeme unaotumika, si mwanga unaomfikia kuku: balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye balbu) 800 hivi, karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Anayebadilisha wati kwa wati hulijaza banda mwanga mkali, kuku wakaanza kudonoana; anayepunguza kwa kukisia huacha pembe zenye giza, na humo ndimo mitetea hutaga sakafuni.

Luksi moja ni lumeni moja kwa kila mita ya mraba, na kuku wanaotaga hutoshelezwa na luksi 20 zikipimwa usawa wa vichwa vyao. Banda la mita 20 kwa 8 lina mita za mraba 160, hivyo linahitaji lumeni 3,200 kwenye usawa huo. Tafadhali usiishie hapo, kwani ndipo wengi wanapoharibu hesabu! Kuta na paa za rangi nyeusi hula karibu nusu ya mwanga, na vumbi la banda huweza kuondoa asilimia 30 ya unaobaki. Gawanya 3,200 kwa 0.5, kisha kwa 0.7, upate lumeni 9,143 zinazopaswa kutoka kwenye balbu zenyewe. Kwa balbu za lumeni 450 (idadi hiyo isome kwenye pakiti) jibu ni 20.3, nawe ununue 21.

Balbu 12 za lumeni 800 zingetimiza jumla hiyo, lakini zingeachana mno. Taa zikining'inia mita 2 juu ya kuku, nafasi kati yake isizidi kimo hicho mara moja na nusu, yaani mita 3. Mistari 3 yenye balbu 7 kila mmoja huleta mita 2.86 kwa urefu na 2.67 kwa upana; kutoka ukutani hadi taa ya kwanza, acha nusu ya vipimo hivyo.

Mwanga ukienea vizuri, mayai ya sakafuni hupungua.

Kuku walioshika utagaji wapate saa 16 za mwanga kwa siku, ule wa jua ukihesabiwa humo, na saa hizo zisipunguzwe hata siku moja. Balbu zifutwe kila wiki zikiwa zimezimwa na kupoa, maana ile 0.7 ni ya mfugaji anayefuta vumbi. Asiyefuta anaweza kupungukiwa na mwanga hata akinunua balbu za ziada.