Futa kitambulisho cha matangazo kwenye simu yako

Simu yako ina namba ndefu, ndiyo kitambulisho cha matangazo, ambayo programu nyingi huisoma, na kwa hiyo hujua kwamba aliyecheza gemu asubuhi ndiye huyo huyo anayesoma habari za maradhi usiku. Haina jina lako, lakini inatosha kuunganisha vipande vya maisha yako na kuviuza kwa wafanyabiashara wa data. Mimi hili linaniudhi sana.

Kwenye Android fungua Mipangilio, Faragha, kisha Matangazo, uguse "Futa kitambulisho cha matangazo". Simu nyingine huweka sehemu hiyo ndani ya Google. Ukiikosa, andika "matangazo" kwenye kisanduku cha kutafutia. Tangu hapo, programu ikiiomba namba hiyo itapewa sifuri tupu. Matangazo yataendelea kuja, ila hayatakufuata kwa urahisi ule.

Kwenye iPhone, tangu mfumo wake wa iOS 14.5 wa mwaka 2021, programu lazima ikuombe ruhusa kwanza ndipo iisome namba hiyo. Unaweza kuzima hata hilo ombi lenyewe, kwenye sehemu ya faragha. Windows nayo ina namba yake. Izime kwenye mipangilio ya faragha.

Ukiwa kwenye mipangilio ya faragha ya simu, pitia na ruhusa ya mahali. Programu ya hali ya hewa inatosheka na eneo la kukadiria.